Penseli ya Mtu Mwingine

Kitabu nilikinunua kwa Mbwarali, ukutani nyuma ya Posta,
jalada limepigwa jua hadi likawa rangi ya chai ya maziwa.
Mia mbili, akasema. Nikamwambia: kitabu cha kutuliza moyo,
nawe wataka kunipandisha presha kabla sijakifungua?
Akacheka, akanipunguzia hamsini.
Hilo lilikuwa somo la kwanza, na ndani halimo.

Ndani mliandikwa: amka kabla ya jua.
Mimi jua hunikuta macho.
Miaka kumi na tisa napiga mihuri ya makontena Kilindini,
na usiku hunifuata chumbani,
yakapangana kifuani, bluu, nyekundu, bluu,
na kreni hakuna.

Pumua, ukasema ukurasa wa tisa.
Vuta kwa nne, zuia kwa nne, achia.
Nikavuta. Jirani wa chini alikuwa akikaanga ng'onda.
Nikazuia ng'onda mapafuni kwa hesabu ya nne,
Swafia akauliza kama nimepaliwa.

Andika mambo matatu unayoyashukuru.
Usiku wa kwanza: afya, familia, kazi,
kama mtu ajazaye fomu ya bima.
Usiku wa pili: kama hapo juu.

Lakini kitabu kilikuwa na mwenyewe kabla yangu.
Penseli yake imepita chini ya mistari,
imenyooka, mtu wa rula,
hadi ukurasa wa sitini na moja.
Acha usichoweza kukishika:
hapo amepiga mara mbili, karatasi nusura itoboke.
Na pembeni, kwa herufi za mwenye haraka:
vitunguu, sabuni ya kipande, maji mitungi minne,
kiatu cha Nuru kishonwe.
Baada ya hapo penseli haipo.
Kurasa mia na zaidi, safi kama sahani za wageni.

Ukurasa huo nimekaa nao kuliko yote.
Alichoka? Alipona?
Au maji yalikuja ghafla, kama yajavyo mtaani kwetu,
mfereji ukakohoa saa nane usiku,
naye akatupa alichoshika, akakimbilia ndoo?

Alhamisi ofisini walibandika karatasi:
idara yetu itapunguzwa, majina mwezi ujao.
Nikahesabu nne. Haikutosha, nikafika ishirini.
Kisha nikashika njia kwa miguu hadi Mwembe Tayari,
kwa kuwa makubadhi ya mama yamekatika gidamu tangu Ramadhani
na mfuko wake ulikuwa chini ya meza yangu, ukinitazama.

Fundi Kazungu hakuniuliza habari za bandari.
Alipaka uzi nta, akaupitisha, akauvuta,
akaupitisha, akauvuta,
nami juu ya kreti ya soda
nikafuata tundu baada ya tundu.
Kunguru akamwibia mtu kiazi karai,
mtu akamtukana kwa adabu, kama amtukanaye mkwe.
Sijui ilipita nusu saa au zaidi.
Nilipoinuka ndipo nilipojua taya langu limelegea,
na kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimeling'ata.

Mama akayavaa, akaenda hadi mlangoni, akarudi.
"Yamenyamaza," akasema.
Kumbe miezi yote hiyo yalikuwa yakimlilia.

Usiku ule nikaandika:
uzi. kunguru. makubadhi yamenyamaza.
Swafia akasoma begani mwangu, akauliza
hiyo ni shukrani au ni kitendawili.

Sidanganyi mtu. Presha iko pale pale,
mwezi ujao unakuja na majina yake,
na jana usiku makontena mawili yalirudi.
Lakini mawili.

Kitabu nitamrudishia Mbwarali,
atanipa hamsini, atakiuza mia mbili, haki yake.
Sikukimaliza. Nimeishia sitini na nne,
na hapo pembeni, kwa kalamu, rula sina,
nimemwachia ajaye:
gesi, ndimu,
bawaba ya mlango wa nyuma yadai mafuta.